Jinsi ya kuchagua sensa ya oksijeni inayofaa gari yako: soketi kuingia siyo ushahidi

Sensa ya oksijeni, kile kifaa kwenye eksozi kinachopima oksijeni iliyomo kwenye moshi ili kompyuta ya gari ipange mafuta, ni kati ya spea zinazonunuliwa kwa kubahatisha sana. Taa ya cheki injini inawaka, gari inapimwa kwa mashine inaonyesha kitu cha oksijeni, basi mtu anaagiza sensa yoyote iliyoandikwa jina la gari yake, ikifika soketi inaingia, nyuzi zinakaza, wote wanafurahi, afu baada ya siku chache taa inarudi na gari inakunywa mafuta kuliko mwanzo. Hapo ndo lawama zinaanza, mara sensa feki, mara fundi hajui kazi. Mara nyingi sensa yenyewe ni nzima kabisa, ila siyo ya gari ile, au ni ya gari ile lakini siyo ya pale ilipofungwa. Kwa hiyo nitaenda taratibu, kuanzia kabla hujatoa hela mpaka umefunga na kuhakiki.

Kwanza kabisa, una uhakika ni sensa?

Kodi za hitilafu, zile herufi na namba zinazotolewa na mashine ya kupimia, hazikuambii ununue kitu gani, zinakuambia kompyuta ya gari imeona nini. Hii tofauti watu wengi wanairuka na inawagharimu. Chukua P0171, inasema mchanganyiko una hewa nyingi kuliko mafuta. Sasa kompyuta imejuaje? Imeambiwa na sensa ya oksijeni. Ukiing'oa sensa hapo umemwadhibu aliyeleta habari, na wahenga walishasema mjumbe hauawi. Tafuta kwanza mpira wa hewa uliopasuka, pampu ya mafuta iliyochoka, sensa ya hewa iliyochafuka, au eksozi inayovuja kabla ya sensa, maana hata upenyo mdogo kwenye gasketi ya manifoldi unavuta hewa ya nje katikati ya mapigo ya moshi, sensa inaona oksijeni nyingi, kompyuta nayo inaongeza mafuta ambayo injini haikuyahitaji. P0420 ni hivohivo, watu wanabadilisha sensa ya nyuma wakati kodi inailalamikia kataliti konveta, kile kisafisha moshi cha kwenye eksozi. Kuna wakati kweli sensa au uvujaji wa eksozi ndo unaileta, lakini pima kwanza.

Kodi zinazoigusa sensa moja kwa moja ni kundi la P0130 mpaka P0135 kwa sensa ya mbele upande wa kwanza, P0136 mpaka P0141 ya nyuma upande huohuo, P0150 mpaka P0155 ya mbele upande wa pili, na P0156 mpaka P0161 ya nyuma upande wa pili. Ndani ya hizo, P0133 ndo inayonishawishi zaidi kwamba sensa imezeeka, inasema inajibu polepole. P0135 na P0141 zinahusu hita ya ndani ya sensa, na kwenye gari nyingi utaona pia P0031, P0032, P0037 au P0038 ambazo nazo ni za hita.

Ukiona kodi ya hita usinunue kitu kabla ya kupima, ni kazi ndogo sana. Injini ikiwa baridi chomoa soketi ya sensa, weka multimita kwenye ohmu, gusa zile pini mbili za hita upande wa sensa. Ukisoma ohmu chache au kumi na kitu basi hita ipo hai, ikiwa haisomi chochote waya wa ndani umekatika na sensa ndo basi tena. Hita ikiwa nzima, washa injini upime kama umeme wa volti 12 unafika kwenye soketi upande wa gari. Fyuzi ya hita ikiungua, sensa zaidi ya moja zinaweza kuleta kodi kwa mkupuo, kwa hiyo ukiambiwa sensa mbili zimekufa siku moja anza na fyuzi, tafadhali.

Umri nao unasaidia kuamua. Zile za zamani zisizo na hita huwa zinachoka kwenye kilomita 50,000 mpaka 80,000, zenye hita zinaenda mpaka kilomita 100,000 na nyingine 160,000. Lakini oili au kulanti ikiingia kwenye moshi, au mtu akipaka silikoni isiyofaa kwenye injini, hata sensa mpya inakufa mapema.

Ni ipi kati ya zote?

Gari inaweza kuwa na sensa moja, mbili, nne au zaidi. Ukienda dukani ukasema tu nataka sensa ya oksijeni ya gari fulani, muuzaji atakupa iliyo karibu na mkono. Unatakiwa ujue vitu viwili, upande na nafasi.

Upande wa kwanza ni ule wenye silinda namba 1, siyo kushoto wala kulia wala ule unaoonekana vizuri ukifungua boneti. Kwenye injini za V6 (silinda sita katika pande mbili) za Toyota kama 1MZ-FE ambayo imelala kwa ubavu, upande wa kwanza ni ule wa ndani karibu na ukuta wa kabini, ule unaochubua mikono, na ndo maana wengi wanabadilisha ya upande wa radieta kwa sababu inafikika, afu kodi inabaki palepale. Injini za silinda nne nyingi zina upande mmoja tu kwa hiyo haisumbui, ila usishangae ukikuta injini ya silinda sita za mstari, kama baadhi ya BMW, ina pande mbili kwa sababu eksozi imegawanywa mara mbili.

Nafasi ni rahisi zaidi: sensa 1 iko kabla ya kataliti konveta, sensa 2 iko baada yake. Ya mbele ndo inayoongoza mafuta, ya nyuma kazi yake kubwa ni kuangalia kama kataliti inafanya kazi. Usizibadilishane hata kama zinafanana. Waya zinatofautiana urefu, na kwenye gari nyingi za kisasa hata aina ni tofauti, ya mbele ni ya kupima kwa upana na ya nyuma ni ya kawaida.

Aina ya sensa, hapa ndo watu wanaumia

Aina ya kwanza ni ile ya kawaida ya zirkonia. Hii ndo Bosch waliitoa kwenye Volvo mwaka 1976 na mpaka leo iko kila mahali. Inazalisha umeme wake yenyewe kidogo, karibu volti 0.1 mchanganyiko ukiwa na hewa nyingi na karibu 0.9 mafuta yakizidi, katikati ni 0.45, na haiwezi kukuambia umezidisha kiasi gani, inakuambia tu huku au kule. Haifanyi kazi mpaka ipate joto la nyuzi 300 na kitu, ndo maana ikawekewa hita.

Ya pili ni titania, hii ni adimu kidogo, ilitumika kwenye baadhi ya Nissan na gari nyingine chache. Haizalishi umeme, inabadilisha ukinzani, kompyuta inaipelekea umeme na kusoma unaorudi. Nyingine zina nyuzi nyembamba za milimita 12 badala ya 18 zilizozoeleka. Zirkonia haiwezi kukaa mahali pa titania hata ukiunganisha waya kiustadi namna gani, ni lugha mbili tofauti.

Ya tatu ni ile ya kupima kwa upana, wengine wanaiita A/F sensa (yaani hewa kwa mafuta) au waidibendi. Hii inapima mchanganyiko wenyewe ni kiasi gani, kompyuta inaisoma kwa mkondo mdogo wa umeme unaopita ndani yake. Za Bosch na NTK mara nyingi zina waya tano, lakini Toyota wana A/F ya Denso yenye waya nne, na hapa naomba usome polepole kwa sababu ndo mtego mkubwa kuliko yote. Sensa ya kawaida yenye hita nayo ina waya nne. Ukiziweka mezani ile ya kawaida na A/F ya Toyota zinafanana, bomba lilelile la chuma lenye vitundu, heksagoni ileile ya spana ya 22, na mtu anaweza kukuuzia moja badala ya nyingine kwa nia njema kabisa.

Zinatofautiana wapi? Angalia pati namba. Kwa Toyota, namba ikianza na 89465 ni sensa ya oksijeni ya kawaida, ikianza na 89467 ni A/F. Tarakimu moja tu hiyo. Kwa Denso zile zenye namba ya mtindo wa 234, ukiona 234-4 na tarakimu nyingine ni ya kawaida, 234-9 ni A/F. Hata kwa multimita utaona, hita ya A/F ya Toyota ikiwa baridi inasoma karibu ohmu 2 wakati ya kawaida kwenye Toyota nyingi inasoma 11 mpaka 16. Ukifunga ya kawaida mahali pa A/F, kompyuta iliyotegemea hita inayovuta umeme mwingi haioni hivo, inakuwashia kodi ya hita kwenye sensa iliyotoka kwenye boksi muda huohuo, na usomaji wa mchanganyiko nao unakuwa hauna maana.

Na usidhani modeli na mwaka vinatosha. Toyota Camry za silinda nne zilizouzwa Marekani mwishoni mwa miaka ya 1990, zile za kanuni za California zilikuwa na A/F na zile za majimbo mengine zilikuwa na sensa ya kawaida. Gari ileile, injini ileile, mwaka uleule. Kilichotofautisha ni kibandiko cha moshi chini ya boneti.

Kwa waidibendi za Bosch nako kuna matoleo mawili, LSU 4.2 na LSU 4.9, hizi haziingiliani, kompyuta iliyotengenezwa kwa moja haiisomi nyingine sawasawa. Ukiona mtu anakuambia ni zilezile tu ila hii ni ya kisasa zaidi, mshukuru na uendelee kutafuta.

Kuhesabu waya

Waya moja ni sensa isiyo na hita, ardhi yake (njia ya umeme kurudi) inapitia kwenye eksozi. Mbili bado haina hita ila ardhi ina waya wake. Tatu ina hita. Nne ina hita na ardhi ya peke yake, au ni ile A/F ya Toyota. Tano ni waidibendi. Mpya iwe na idadi sawa na ya zamani. Kama gari imeshapita kwenye mikono mingi usiamini iliyofungwa sasa hivi, hesabu waya zinazotoka upande wa gari, huko ndo kuna ukweli wa kiwandani (ila kwa waidibendi za Bosch huko huwa zipo sita).

Tafuta namba, usitafute jina

Njia salama kuliko zote ni kuchukua pati namba iliyochongwa kwenye sensa yako ya zamani. Iko kwenye ile heksagoni au kwenye chuma juu yake, ipanguse masizi kwa brashi ya waya na kitambaa, piga picha kukiwa na mwanga wa pembeni ndo itaonekana. Bosch huwa zinaanza na 0 258. Lakini, na hii ni lakini kubwa, kama sensa ya zamani iliwahi kubadilishwa unaweza kuwa unanakili kosa la mtu aliyetangulia. Kwa hiyo chukua pia namba ya chesisi, ingiza kwenye katalogi ya spea ya mtengenezaji, soma namba ya kiwandani ya nafasi ile, afu kalinganishe. Zikipatana nunua. Zisipopatana, angalia kwanza kama namba mpya imechukua nafasi ya ya zamani, katalogi huwa zinaonyesha hilo, kama haionyeshi basi fuata katalogi, siyo sensa iliyokuwa imefungwa.

Ukishapata namba ya kiwandani ndo unaangalia ya Denso, NTK au Bosch inayolingana nayo. Napendelea ununue ya kampuni iliyotengeneza ile ya kiwandani ya gari yako, siyo kwa sababu nyingine ni mbaya, ila unajua kabisa hita na ishara vinapatana na kompyuta. Gari nyingi za Japani zina Denso au NTK, za Ulaya nyingi Bosch, japo siyo sheria.

Mambo mengine ya kulinganisha kabla hujalipa: urefu wa waya (mfupi unavutika mpaka unachomoka, mrefu sana unaenda kuangukia eksozi na kuyeyuka), umbo la soketi na vile vijino vyake, na kama ni ya kukaza kwa nyuzi au ile ya sahani yenye nati mbili ambayo Toyota za zamani walikuwa nayo.

Ya soketi yake au ya kuunganisha waya?

Kuna sensa zinazokuja na soketi kamili ya gari yako na kuna zile za kufaa gari nyingi ambazo unakata soketi ya zamani na kuunganisha. Ya soketi yake ni bora, sina la kuongeza. Ila najua wakati mwingine hiyo ya kuunganisha ndo inayopatikana, basi kama ni ya zirkonia ya kawaida inawezekana ukiwa makini na rangi. Bosch na NTK kwa kawaida nyeupe mbili ni hita, nyeusi ni ishara, kijivu ni ardhi ya ishara. Denso kwenye Toyota nyingi nyeusi mbili ni hita, buluu ni ishara, nyeupe ni ardhi ya ishara. Umeona balaa lilipo? Ukiunganisha nyeupe kwa nyeupe na nyeusi kwa nyeusi, umepeleka umeme wa hita kwenye njia ya ishara ya kompyuta. Unganisha kwa kazi, usiunganishe kwa rangi, soma karatasi iliyokuja na sensa.

Usilehemu kwa risasi. Sensa nyingi zinavuta hewa safi ya kulinganishia kupitia nafasi ndogo kati ya nyuzi za shaba ndani ya waya, ukilehemu unaziba, sensa inakosa hewa na usomaji unapotea. Tumia vibanio vya kubana vilivyokuja kwenye boksi. Kwa sababu hiyohiyo usijaze grisi wala dawa ya kusafishia kwenye soketi.

Na waidibendi ya waya tano usiikate soketi kabisa. Za Bosch, ndani ya soketi kuna rezista ndogo iliyopimwa kiwandani kwa ajili ya sensa ileile moja, ukikata umetupa vipimo vyake.

Feki na za mtumba

Sensa ya mtumba sikushauri hata kidogo. Haina namna ya kuiangalia kwa macho ukajua imebakiza kilomita ngapi, na unalipa kazi ya kufunga mara mbili. Feki nazo zipo nyingi, boksi linaweza kuwa zuri kuliko la geniuni. Angalia maandishi kwenye chuma yawe yamechongwa kwa leza vizuri, siyo wino unaofutika kwa kidole, namba ya kwenye sensa ifanane na ya kwenye boksi, kofia ya plastiki ya kulinda ncha iwepo, na weldi ya chuma iwe safi kuzunguka pande zote. Bei ikiwa chini sana kuliko wauzaji wengine wote, jibu unalo.

Isome ya zamani kabla hujaitupa

Ncha ya sensa iliyotolewa ni kama ripoti ya hospitali ya injini. Masizi meusi makavu yanasema mafuta yanazidi. Unga mweupe unaashiria silikoni. Chembechembe nyeupe au za kijanikijani zinaashiria kulanti inaingia kwenye silinda, hapo una gasketi ya hedi ya kushughulikia. Kahawia iliyokolea ni oili inayoungua. Ukikuta mojawapo ya hizi afu ukafunga mpya bila kurekebisha chanzo, hiyo mpya umeitoa sadaka.

Kufunga

Kwa kufungua, pasha eksozi moto kidogo, pulizia dawa ya kutu, tumia soketi ya 22 yenye mpasuo wa kupitisha waya. Mpya nyingi zinakuja na mafuta ya kuzuia kutu yamepakwa kwenye nyuzi tayari, kama yapo usiongeze, kama hayapo paka kidogo kwenye nyuzi tu, ncha isiguswe. Anza kukaza kwa mkono mpaka nyuzi zikae, malizia na spana. Za nyuzi za milimita 18 huwa karibu Nm 40, ila karatasi ya sensa yako ndo inayosema kweli. Ikidondoka chini kwenye sakafu ngumu, iangalie kwa mashaka, ndani kuna kauri.

Futa kodi, endesha mpaka injini ipate moto, afu fungua data za moja kwa moja kwenye skana. Zirkonia ya mbele inatakiwa iruke juu na chini haraka kati ya 0.1 na 0.9 bila kuganda. Ya nyuma itulie, mara nyingi kwenye 0.6 au 0.7, ikiruka kama ya mbele basi rudi kuiangalia kataliti. Kama ni A/F ya Toyota na skana yako ni ya kawaida, gari za zamani zinaweza kukuonyesha 0.66 imetulia, usihangaike, hiyo ni volti 3.3 iliyogawanywa kwa 5 ili iingie kwenye kipimo cha skana, na ujue inaenda kinyume, hewa ikizidi volti inapanda. Afu tazama marekebisho ya mafuta ya muda mrefu (kiasi ambacho kompyuta inaongeza au kupunguza mafuta) baada ya kuendesha siku kadhaa, yakikaa ndani ya asilimia 10 juu au chini sensa uliyochagua ndo yenyewe, yakienda mbali zaidi ya hapo rudi kwenye uvujaji wa hewa na presha ya mafuta.